Hati ya Uwakili: Mamlaka ya Wakala na Mipaka Yake

Mwenye biashara hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Huenda akaugua, akaenda kuhiji, akasafiri ng'ambo kutafuta bidhaa, au akazeeka hata asiweze tena kufika dukani kila siku. Lakini duka halimngojei. Wanunuzi waja asubuhi na jioni, wadai waja mwisho wa mwezi, na wafanya kazi wataka mishahara yao. Kwa sababu hiyo watu wamezoea tangu zamani kumweka mtu wa kushika mahali pao. Neno wakili, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina maana hiyo hasa: mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake ili alitende kwa niaba yake.

Siku hizi neno wakili hutumika zaidi kwa mwanasheria asimamaye mahakamani. Ili pasiwe na mchanganyiko, katika somo hili aliyekabidhiwa kazi ataitwa wakala, aliyemkabidhi ataitwa mwenye mali, na karatasi iliyoandikwa baina yao itaitwa hati ya uwakili.

Watu wengi hudhani kwamba aliyepewa hati ya uwakili amekuwa kama mwenye mali mwenyewe, na kwamba lolote atakalolitenda litamfunga yule aliyempa. Dhana hiyo ni ya hatari. Wakala akitenda lililomo ndani ya hati, tendo lake ni tendo la mwenye mali. Akitenda lisilomo, hilo ni lake mwenyewe. Kwa hiyo ni lazima hati isomwe na watu watatu: anayeitoa, anayeipokea, na yule anayetaka kufanya biashara na wakala. Mmoja akikosa kuisoma, aghalabu hasara humwangukia mtu asiyeitazamia.

MFANO WA DUKA MOJA

Uchukuliwe mfano wa mwenye duka mmoja wa Mombasa, auzaye mchele, sukari na mafuta ya kupikia. Duka liko chini, naye na watu wake hukaa ghorofani, na jengo zima ni mali yake. Moyo ukamsumbua, na madaktari wakamshauri aende Bara Hindi akatibiwe. Anaye mpwa wake aliyefanya kazi naye dukani miaka mitano, kijana mwaminifu ajuaye bei na wanunuzi. Kabla ya kusafiri aliandika hati yenye maneno haya: “Mpwa wangu asimamie biashara ya duka langu, anunue na kuuza bidhaa, apokee fedha na kulipa madeni ya duka, na atende mambo yote yanayohitajiwa kwa kazi hiyo kama mimi mwenyewe.” Akatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, akapanda ndege.

Baada ya miezi miwili ikapatikana sukari kwa bei ya chini sana. Fedha za duka hazikutosha. Mpwa akaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla, akamwonyesha sahihi ya mjomba wake chini ya hati iliyokunjwa, akamwambia, “Mjomba ameniruhusu mambo yote, hata kukopa. Na jengo lake litakuwa dhamana.” Yule mfanyabiashara aliijua sahihi ile. Hakuikunjua karatasi. Akatoa shilingi 600,000.

Katika fedha hizo mpwa alilipa shilingi 150,000, deni la mchele ambalo mjomba wake aliliacha aliposafiri. Zilizobaki, shilingi 450,000, akanunulia sukari. Mvua za masika zikaja, paa la ghala likavuja, na sukari karibu yote ikaharibika. Mjomba aliporudi, kidonda cha kifuani bado hakijapona vema, alikuta barua ya madai mezani.

“Mjomba, sikula hata senti moja,” akasema mpwa.

“Najua, mwanangu,” akajibu mjomba. “Lakini ni nani aliyekuruhusu kukopa?”

Swali la mjomba ndilo litakaloulizwa na hakimu pia. Hapa hapana mwizi. Yuko mgonjwa aliyemwamini jamaa yake, kijana aliyetaka kuleta faida, na mfanyabiashara aliyetoa fedha zake halisi. Hata hivyo shilingi 600,000 zadaiwa, na iko nyumba ya jamaa nzima ambayo imetajwa kuwa dhamana. Ni nani atakayelipa?

MANENO “MAMBO YOTE” HAYANA MAANA YA YOTE

Hapo zamani mambo ya mikataba katika Kenya yalifuata Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka 1872. Tangu tarehe 1 Januari 1961 Kenya imefuata misingi ya sheria ya mikataba ya Uingereza. Ndiyo sababu hukumu zilizotolewa London miaka mingi iliyopita zingali zikisomwa na mahakimu wa Nairobi na Mombasa.

Katika mwaka 1893 baraza la rufani la London liitwalo Privy Council lilisikiliza shauri lililotoka Quebec, katika Kanada. Lilihusu wakala wa biashara aliyekuwa na hati yenye maneno mapana ya kununua na kufanya mapatano. Baraza lilieleza kwamba hati ya uwakili husomwa kwa kubana, wala haivutwi ikatanuliwa. Mamlaka ambayo mtu adai wakala anayo ni sharti yaonekane katika hati yenyewe, ama kwa kutajwa waziwazi, ama kwa kuwa ni ya lazima ili lililotajwa liweze kutimizwa. Mamlaka ya kukopa fedha hayakuonekana katika hati ile.

Shauri la pili, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1902, lafanana zaidi na mfano wa duka la Mombasa. Mfanyabiashara wa Australia alikuwa na wakala London, naye alimpa hati ya kununua bidhaa kwa ajili ya biashara yake na kutia sahihi hawala zilizohitajiwa kwa manunuzi hayo. Wakala yule alikopa pauni 4,000 kwa jina la mwenye mali. Waliomkopesha waliijua hati, lakini hawakuisoma, wakaridhika na neno la wakala kwamba aliruhusiwa. Mahakama ikaamua kwamba ruhusa ya kununua si ruhusa ya kukopa, na kwamba aliyeweza kuisoma hati akaacha kuisoma hawezi kujitetea kwa kutojua kwake. Mwenye mali hakufungwa na mkopo ule.

Lakini yale maneno “mambo yote kama mimi mwenyewe” yana kazi gani? Maneno ya namna hii hufuata nyuma ya yale yaliyotangulia. Yampa wakala ruhusa ya mambo madogo yanayoambatana na kazi aliyotajiwa. Mpwa aweza kuajiri mchukuzi, kulipa umeme, kununua mifuko, kuandika stakabadhi na kumdai mnunuzi asiyelipa, ijapokuwa hakuna hata moja lililotajwa kwa jina lake. Hayo ni ya lazima katika kuuza na kununua. Lakini kukopa fedha, kuweka rehani jengo, kumdhamini mtu mwingine, kutoa mali zawadi au kuuza biashara nzima ni mambo makubwa yanayojitegemea. Kila moja lataka kutajwa kwa jina lake.

NANI ABEBA MZIGO?

Basi jawabu la kwanza ni hili: mjomba hafungwi na ahadi ya kukopa, wala jengo lake halikuwa dhamana. Lakini shauri halikomi hapo.

Kwanza, fedha zilizolipa deni halali la mwenye mali zina hesabu yake. Katika mwaka 1906 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mtu aliyemkopesha wakala asiye na ruhusa aweza kurudishiwa na mwenye mali kiasi kile kilichotumika kulipa madeni halali ya huyo mwenye mali. Sababu yake yaeleweka: deni lile angelilipa kwa vyovyote, na si haki apate faida kwa fedha za mtu mwingine. Kwa hiyo yule mfanyabiashara wa jumla ana njia ya kumdai mjomba shilingi 150,000 zilizolipa deni la mchele.

Pili, zile shilingi 450,000 zilizobaki zaweza kudaiwa kwa mpwa mwenyewe. Mtu asemaye “nimeruhusiwa” huwa ametoa ahadi kwamba kweli ameruhusiwa. Ikiwa sivyo, yeye ndiye wa kujibu, hata kama alisema kwa nia njema. Hukumu ya msingi ilitolewa mwaka 1857. Wakala mmoja wa Uingereza alikubali kumkodisha mtu shamba la bwana wake kwa muda wa miaka 12 na nusu, akiamini kwamba ana ruhusa. Hakuwa nayo kwa muda mrefu namna hiyo. Yule mpangaji alipopata hasara, mahakama ilisema wakala ndiye mwenye kulipa. Na kwa kuwa alikwisha kufa, mzigo uliwaangukia wasimamizi wa mirathi yake. Vijana wanaoshika biashara za wazee wao na waitafakari sana hukumu hiyo. Uaminifu ni sifa njema, lakini mtu mwaminifu asiyeisoma hati yake aweza kuwaachia watoto wake deni.

Tatu, iko njia ya mapatano. Mwenye mali aweza kulikubali baadaye tendo la wakala wake lililovuka mpaka. Akilikubali hali ajua mambo yote yaliyotokea, huwa kana kwamba aliliruhusu tangu mwanzo. Lakini yampasa alikubali zima. Hawezi kuichukua sukari iliyosalimika akakataa mkopo ulioinunua. Kwa hiyo mwenye mali anayerudi safarini asiuze wala kutumia kitu chenye shaka kabla ya kuuliza kilipatikanaje, maana kwa kukitumia aweza kuhesabiwa kuwa ameridhika.

YAMPASAYO WAKALA

Wakala ana wajibu hata ikiwa hakuna aliyemkumbusha, kwa sababu ameshika amana. Yampasa afuate maagizo aliyopewa, na atumie uangalifu ambao mtu mwenye akili hutumia katika kazi ya namna hiyo. Yampasa aziweke fedha za mwenye mali mbali na zake. Yampasa aandike hesabu za mapato na matumizi, na kuzionyesha kila atakapotakiwa. Anapotia sahihi, aonyeshe wazi kwamba atia sahihi kwa niaba ya mwenye mali. Asipofanya hivyo huenda akafungwa yeye.

Tena asijinufaishe kwa siri. Mwuzaji akimpa bahasha ili anunue kwake, bahasha ile ni ya mwenye mali. Akitaka kununua mwenyewe gari la duka alilopewa kuliuza, yampasa amwarifu mwenye mali na apate ridhaa yake kwanza, hata kama bei aliyoitoa ni nzuri. Maana mtu mmoja hawezi kuwa mwuzaji na mnunuzi bila kupendelea upande wake. Na tena asimpe mtu mwingine kazi ile isipokuwa hati yamruhusu. Mjomba alimchagua mpwa wake. Hakumchagua rafiki wa mpwa wake.

NYUMBA NA ARDHI

Mambo ya nyumba na ardhi yana utaratibu wa pekee. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaagiza jinsi hati ya uwakili inayompa wakala ruhusa ya kuuza, kukodisha au kuweka rehani ardhi itakavyoandikwa, itakavyotiwa sahihi na kuthibitishwa, na kuingizwa katika daftari la hati za uwakili kwa Msajili wa Ardhi. Ushuru wa stempu nao hulipwa. Mtu anayetaka kununua kiwanja kwa wakala asiridhike na nakala iliyopigwa fotokopi. Aende kwa Msajili atazame kama hati imeandikishwa na kama haijafutwa.

Ikiwa nyumba ni makao ya mume na mke, iko ngome nyingine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo wa 2012, rehani ya nyumba ya ndoa haiwi halali mpaka mume au mke wa mwenye nyumba naye amekubali kwa sahihi. Kwa hiyo maneno ya mpwa kwamba “jengo litakuwa dhamana” hayakuwa na nguvu kwa njia yo yote.

HATI HUKOMA LINI?

Mwenye mali aweza kuifuta hati wakati wo wote, isipokuwa ile iliyotolewa ili kulinda haki ya wakala mwenyewe, kama mdai aliyepewa hati ili ajilipe deni lake. Hati ya namna hiyo mtu asiitie sahihi kabla ya kupata shauri la mwanasheria, kwa sababu hataweza kuifuta apendapo.

Kufuta kwataka kutangaza. Mwenye mali akimwambia wakala peke yake, watu waliozoea kufanya biashara naye watajuaje? Katika shauri lililoamuliwa Uingereza mwaka 1879, mume alikuwa amemfanya mkewe kuwa wakala wake wa kununua vitu kwa mfanyabiashara mmoja. Mume akapatwa na wazimu. Mke akaendelea kununua, na mwuzaji hakujua habari hizo. Mume alipopona akakataa kulipa. Mahakama ikamlazimisha kulipa, maana yeye ndiye aliyemtambulisha mkewe kwa yule mwuzaji kuwa ana ruhusa, na mwuzaji hakuarifiwa kwamba ruhusa ile imekoma. Basi anayefuta hati na aichukue karatasi ya asili, aandike barua kwa benki na kwa wauzaji wote, na ikiwa hati iliandikishwa, ampelekee Msajili taarifa ya kuifuta.

Hati ya kawaida hukoma pia mwenye mali anapokufa, anapofilisika, au anapopotewa na akili. Jambo hili la mwisho huwashangaza wengi, kwa kuwa hapo ndipo msaada unapohitajiwa zaidi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1985 ya hati inayoweza kudumu hata baada ya mtu kupotewa na akili. Katika Kenya jamaa wasitegemee hati ya kawaida wakati kama huo; yafaa waende mahakamani kuomba amri ya kusimamia mali ya mgonjwa.

Habari za kifo zataka uangalifu mkubwa. Mtu hufa asubuhi, na mchana wakala huenda benki na hati yake kutoa fedha za mazishi. Nia yake ni njema, lakini mamlaka yake yalikoma pamoja na pumzi ya mwenye mali. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yakataza mtu asiye na idhini kuigusa mali ya marehemu, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Kuanzia saa ile mali ni ya mirathi, na asimamiaye ni yule aliyepewa idhini kwa mujibu wa sheria.

JINSI YA KUANDIKA HATI NJEMA

Hati njema haihitaji maneno magumu. Yahitaji kueleza mambo haya:

1. Majina kamili ya mwenye mali na wakala, pamoja na nambari za vitambulisho vyao.

2. Kazi zinazoruhusiwa, moja moja: kununua, kuuza, kupokea kodi, kutia sahihi hundi, kuajiri na kuachisha kazi, kushitaki wadaiwa.

3. Kiasi. Kwa mfano, asinunue kwa mkopo zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwezi.

4. Yasiyoruhusiwa. Ikiwa wakala hana ruhusa ya kukopa wala ya kuweka rehani, liandikwe waziwazi, hata kama sheria ingesema hivyo hivyo.

5. Tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma.

6. Siku za kuonyesha hesabu, na jina la mtu atakayeonyeshwa mwenye mali asipokuwapo.

Kabla ya kuondoka, mwenye mali na aende pamoja na wakala benki na kwa wauzaji wakubwa, akawasomee hati. Benki nyingi zina fomu zao za kumruhusu mtu mwingine atie sahihi, nazo hazitakubali barua ya nyumbani peke yake. Asubuhi moja ya kuzunguka na hati mkononi yaweza kuepusha miaka ya kushitakiana.

Kurudia mfano wa duka la Mombasa: laiti mfanyabiashara wa jumla angeikunjua ile karatasi na kuisoma, kazi ya dakika mbili, asingetoa fedha zake. Laiti mpwa angempigia mjomba wake simu hospitalini, angepewa jawabu, liwe ndiyo au la. Na laiti mjomba angeongeza maneno manne, “lakini asikope fedha kabisa”, kijana asingejaribiwa na sukari ya bei rahisi. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuizuia hasara.

Mwaka unaofuata mjomba atatakiwa kurudi kwa madaktari. Hakuna mwingine ajuaye duka lake kama mpwa wake, na yamkini atamwachia tena. Safari hii na waketi wawili mezani, hati iandikwe kwa kituo, na kijana aisome kwa sauti mpaka mwisho kabla ya mzee kutia sahihi.